Kunywa Maji, Kisha Uulize Choo Kiko Wapi

Aziza, wewe uliyebeba jina la mama yangu mpaka nikikugombeza najisikia ninamgombeza yeye,

Umekwenda Mangobo kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamfungulii mtu mlango wa kutoka kabla hajamlisha mara mbili. Donc, basi, nina nafasi. Nimesukuma nguo zako pembeni mwa meza, nimechukua biki. Unanijua, mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na herufi zangu bado zinapanda mlima kama unavyoona. Lakini kuna jambo nikikuambia kwa mdomo utaniziba, "Mama, inatosha!", kisha utatoka nje. Karatasi haizibwi mdomo.

Sitakuambia uswali, kuswali unajua. Sitakuambia usome, maana wewe usiposoma unaumwa kichwa. Habari za wavulana, na za kutomwamini kila anayesema "dada", shangazi yako anakupa sasa hivi huku kinywa kimejaa pondu. Mimi nitakuambia habari za choo.

Usicheke. Au cheka, lakini soma.

Jana tulipokuwa tunafunga valizi nilikueleza njia ya kwenda masomoni: uwanja wetu wa ndege wa Bangboka mpaka Kinshasa, Kinshasa mpaka Addis, halafu ile ndege ndefu mpaka Guangzhou. Ukajibu bila hata kuinua kichwa: "Usijali, Mama. Sitakunywa maji mpaka nifike. Nitakaa kavu tu." Ulisema kama mtu anayesema atavaa viatu vyeusi. Mama Furaha, rafiki yangu ambaye tumesafiri pamoja miaka yote hii ya biashara, akapiga makofi: "Huyu mutoto iko na akili ya ngamia!" Mimi nami nikacheka. Kicheko hicho leo nakirudisha.

Kwa sababu wewe si ngamia, Aziza. Wewe ni mtoto wa SS, ule ugonjwa wa damu. Daktari alituchorea wote wawili, unakumbuka, zile chembe za damu zinazojikunja kama mwezi mchanga. Maji yakipungua mwilini zinakwama njiani, na zikikwama, maumivu yanaanza. Tena akasema figo za mtu wa SS hazijui kutunza maji: unakunywa, yanatoka, inabidi unywe tena. Mwenzako anaweza kuvuka bahari akaingia choo mara moja. Wewe utakwenda, utarudi, utakwenda tena. Kwa hiyo anayekataa choo anakataa maji, na wewe ukikataa maji… bon, sitaimaliza hiyo sentensi. Nilishaiona ikimalizika nusu pale Yanonge.

Ulikuwa bado mdogo. Tulipanda baleinière, ile boti ndefu ya mbao, kwenda huko Yanonge kwenye harusi ya binamu yangu. Choo cha boti unakijua: mbao mbili nyuma kabisa, tundu katikati, mto unapita chini, na wanaume wa mashine wamekaa karibu wanavuta sigara. Wanawake wakakuita, "Kuja, mama kidogo, tutakufungia kikwembe." Maana ndivyo tunavyofanya sisi: wawili wananyoosha kitambaa cha kikwembe, wa tatu anakuwa na chumba chake, na mto mzima hauna cha kuona. Ukakataa. Hukunywa kitu kutwa, ili usiende. Na mimi, mama mwenye akili nyingi, nikajisifu kwa boti nzima: "Mmemuona mtoto wangu? Huyu ni madame. Hasumbui mtu!" Watu wakakusifu. Ukakaa wima kama mke wa gavana.

Kabla wali wa harusi haujaiva ulikuwa umelala kwenye mkeka wa watu, umeshika mapaja, huwezi hata kulia vizuri. Hatukuona bibi harusi. Tangu siku hiyo sijamsifu mtu kwa kubana mkojo. Lakini wewe ulishajifunza, na niliyekufundisha ni mimi na ule mdomo wangu. Ndiyo maana leo mdomo huo huo unakaa chini ukufundishe kinyume.

Na hapa umepata mwalimu! Ukimwacha Mama Furaha, nani mwingine katika soko zima la Kisangani amekojoa katika mabara mawili? Wapo wanaosema wamefika Dubai. Waulize choo cha Dubai kilikuwaje, uone wanavyotazama pembeni. Walibana, hao.

Nianze na ndege. Choo cha ndege ni kidogo kama kabati. Ukigeuka, kiwiko chako kinafungua bomba la maji. Bon, hiyo si kitu. Jambo ni pale unapobonyeza kile kitufe. Aziza, hakuna maji yanayomwagika. Kuna sauti! Kama maporomoko ya Tshopo baada ya mvua ya siku nzima, lakini yote yameingia ndani ya bakuli moja na yanataka kukuchukua. Mara ya kwanza nilidhani nimetoboa ndege. Nilitoka nimeshika ukuta, nikakaa, nikafunga mkanda.

Mama Furaha akaniuliza: "Vipi?"

"Nyamaza. Omba."

"Niombe nini?"

"Omba tu!"

Akaomba kwa upande wake wa kanisa, mimi nikaomba kwa upande wangu, tukashikana mikono. Halafu wakaleta kuku na wali. Nikaona hawa wasichana wa ndege wanatabasamu, wanagawa kuku; mtu hagawi kuku ndege ikianguka. Hapo ndipo nilipopumua. Sasa wewe unajua: ni sauti tu. Simama kwanza, funga kifuniko, ndipo ubonyeze. Na usingoje mpaka watu wote waamke. Nenda wakiwa wanakula.

Na ukiketi dirishani na jirani yako amelala, muamshe. Mguse bega, sema pardon. Ukiona haya, fikiria ni mimi ninayemgusa. Mimi nilimwamsha mzee mmoja mwenye suti, mkubwa wa mahali fulani, tena na tena, mpaka mwishowe akaniambia: "Madame, kaa wewe huku kwenye njia, tubadilishane." Nikapata kiti kizuri kwa ajili ya kibofu.

Sasa Guangzhou. Hapo nivute pumzi.

Pale uwanja wa ndege unaingia unakuta milango mingi, na juu ya kila mlango taa: kijani, nyekundu, kijani. Nilisimama kama mtu aliyeingia msikitini mara ya kwanza. Nilidhani ni hospitali. Msichana mmoja akanipita, akaenda kwenye kijani, akafunga, ikawa nyekundu. Ah! Mlango unasema kama una mtu! Hapa kwetu tunakohoa. Wewe uliye ndani unakohoa, aliye nje anakohoa, mnaelewana. Huko taa ndiyo inayokohoa.

Na ndani, ukutani, kuna jicho dogo jekundu. Ukiinuka, linaona, linamwaga maji lenyewe. Hukugusa kitu. Wakati mwingine linamwaga ukiwa bado umeketi, unashtuka, lakini usiligombeze, halisikii. Nilisimama mbele ya jicho lile, nikaenda kulia, nikarudi kushoto, likamwaga, likamwaga. Maji safi, Aziza, meupe kabisa. Nikakumbuka bidon zetu za maji, nikakumbuka wewe na kaka yako mnavyozisukuma kutoka kwenye bomba, na huku ule mto wetu mkubwa umekaa hapo hapo mbele yetu unatutazama. Sikuona wivu. Mwili ulinisisimka tu, kama mtu aliyeoneshwa kitu ambacho hakudhani binadamu angekifikiria. Mji wenye watu kama majani, kila mmoja na tumbo lake, na husikii harufu. Yote yanakwenda wapi? Niliuliza watu. Hakuna aliyejua. Wanaishi juu ya muujiza na wanatazama simu.

Lakini usidhani kila mahali ni taa. Maduka makubwa yana choo kimoja, masoko yana kingine, stesheni ya basi kingine. Vingi ni vya kuchuchumaa, na hapo wewe ni bingwa; wazungu ndio wanaoanguka. Cha kujua ni hiki: karatasi mara nyingi haiko ndani. Iko nje, mlangoni, moja kubwa ya watu wote, unavuta yako kabla ya kuingia. Na kwingine haipo kabisa, kila mtu anakuja na yake. Mimi sikujua. Niliingia na kujiamini kwangu kote, nikamaliza shughuli, nikatafuta kulia, nikatafuta kushoto. Nilitoka na leso moja pungufu, ile ya maua uliyonishonea. Nisamehe.

Sasa kuhusu maji, maana najua ndilo jambo lako. Sisi tumelelewa kwa maji. Karatasi kavu kwetu ni kama kuoga kwa kufuta vumbi. Mimi nilifikiri nina akili kuliko wote: safari ya kwanza nikaweka kwenye valizi birika letu la plastiki, lile la kutawadhia, la kijani. Hotelini nikaliweka chooni, nikajiona nyumbani. Tukaenda sokoni kutwa nzima. Kumbe yule dada anayesafisha vyumba aliliona, akashangaa: birika zuri hivi, mbona wageni wamelisahau huku? Akalisugua, akalipeleka mezani, akalipanga na vikombe, na majani ya chai pembeni. Kwa moyo mzuri kabisa! Jioni niko nasali, nasikia nyuma yangu, fyuu, fyuu, mtu anapuliza kitu cha moto. Namaliza, nageuka. Mama Furaha ameketi kitandani na kikombe.

"Chai ya hawa batu iko bien," ananiambia. "Nikupimie?"

Nikatazama kikombe. Nikatazama birika. Aziza, kuna ukweli unaousema na kuna ukweli unaoubeba mwenyewe mpaka kaburini. Nikamwambia sina kiu. Mpaka leo hajui, na karatasi hii akiiona nimekwisha.

Donc wewe hutabeba birika. Nimekuwekea chupa mbili kwenye mkoba wa mkononi. Ile yenye uzi mwekundu ni ya mdomo. Ile nyingine si ya mdomo. Zote zipite kwenye ukaguzi zikiwa tupu, maana hawaruhusu maji, halafu ukishavuka unazijaza. Ya mdomo uliza, kuna mabomba ya kunywa. Ukimuonyesha mtu chupa tupu anaelewa, hata kama hamna neno moja la pamoja. Na Guangzhou, katika duka moja la ghorofa nyingi, nilikuta kiti cha choo kinachoosha chenyewe kwa maji. Kwanza nilipoketi kilikuwa cha moto, nikaruka; nikasema kuna mtu ametoka hapa sasa hivi, tena mwenye homa. Kumbe wanakipasha. Halafu pembeni vitufe kama vya kalkuleta. Nikabonyeza, maji yakaja kutoka chini, polepole, ya vuguvugu. Nikasimama ili nione yanatoka wapi. Yakanipiga usoni, yakalowesha kilemba. Lakini nilicheka peke yangu mle ndani mpaka machozi. Nani aliwaambia hawa watu? Tumetoka mbali hivi, sisi na birika letu, wao na umeme wao, na tumefikia wazo moja.

Sasa nikueleze lile ambalo sijamweleza mtu, kwa sababu sokoni nikisimulia choo watu wanangoja kucheka, na hili sikutaka lichekwe.

Kulikuwa na soko la vitambaa pembeni ya mji, la zamani, siku ya mvua. Mama Furaha alibaki analinda mizigo yetu, mimi nikatafuta choo. Nikaonyeshwa nyumba ndefu. Ndani, hakuna milango. Hakuna taa ya kijani wala nini. Mfereji mmoja unapita, na vijikuta vifupi mpaka hapa kwenye goti, na wanawake wamechuchumaa mstari mzima, mmoja anazungumza kwenye simu. Wote wakainua macho. Mimi peke yangu mweusi, na kikwembe cha njano, na kilemba kinachowaka kama tanuru.

Mimi, mama yako, ninayebishana na wauza vitambaa mpaka wananikimbia, niligeuka nikatoka. Nikasimama kwenye mvua. Nikajiambia nitabana mpaka hotelini. Nikabana. Miguu ikaanza kucheza yenyewe. Nikarudi mlangoni, nikatazama, nikatoka tena. Na hapo ndipo nilipokuona wewe, Aziza, kwenye ile boti, umekaa wima. Nikajua ulichokuwa unasikia. Siku ile nilidhani ni maringo. Haikuwa maringo. Ni kama mtu anataka kukuvua ngozi.

Kulikuwa na bibi mmoja anatoka, mzee, mfupi, na mfuko wa mboga, majani ya vitunguu yametokeza juu. Alinitazama usoni. Hakutazama kikwembe, hakutazama rangi. Akaweka mboga zake chini kwenye sakafu kavu, akanishika kiwiko, akanirudisha ndani mpaka nafasi ya mwisho kando ya ukuta. Halafu akafungua mwavuli wake. Mle ndani! Mwavuli wa maua. Akausimamisha ubavuni mwangu, akanipa mgongo, akaanza kuwasemesha wale wengine kwa sauti kali. Sijui alisema nini. Najua kila kichwa kiligeukia upande wa pili.

Nikachuchumaa nyuma ya mwavuli. Nilikuwa naona maua kwa ndani, mwanga unapita, na visigino vyake kwenye viatu vya raba. Alikuwa hanijui. Hajawahi kusikia jina la mto wetu. Hakuna aliyemfundisha kikwembe cha Yanonge. Na alisimama pale kama wanawake wa kwetu wanavyosimama, miguu imeachana kidogo, imara, kama mtu anayelinda kitu cha thamani. Nikajisikia mdogo, lakini mdogo kwa uzuri, kama unavyojisikia usiku ule umeme umekatika mji mzima na nyota zote zinaonekana.

Nilipoinuka nikamwambia "sie sie," asante yao, neno pekee la Kichina nililokuwa nalo zaidi ya "punguza". Akanipiga kofi dogo mkononi, akachukua mboga zake, akaenda.

Kwenye teksi nililia. Mama Furaha akaruka: "Bamekuibia?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

"Choo."

"Iko na uchafu mpaka mutu analia?"

"Hapana," nikamwambia. "Iko nzuri."

Akanitazama sana, akanipa nusu ya biskuti yake.

Siwezi kukuahidi bibi mwenye mwavuli katika kila stesheni. Lakini nimezunguka, na nakuambia kama shahidi: hakuna nchi niliyofika ambapo niliuliza choo mtu akakataa kunionyesha. Watakukatalia bei, watakukatalia chumba, watakukatalia visa. Choo, hata polisi anaacha kukunja uso, ananyoosha mkono, pale, kushoto. Ni swali pekee ambalo dunia nzima inalijibu haraka. Huna haja ya kulijua kwa lugha yao. Simama kama mtu mwenye haraka, wataelewa. Kama choo hakina mlango, elekea ukuta wa mwisho, vaa kikwembe juu ya suruali, kishushe kikufunike mpaka chini. Nimekuwekea kile cha bluu, kizito, hakionyeshi. Mtu akikutazama, mtazame nawe mpaka yeye ndiye aone haya. Na kama hilo nalo huliwezi, basi fumba macho, ujue niko hapo, nimekunyooshea kitambaa.

Maana kwa kweli sitakuwepo, na hilo ndilo linalonibana. Hapa nyumbani nakuchunga kwa macho. Glasi ikiwa imejaa mezani naona. Midomo ikikauka naona. Ukianza kukanda goti huku unajidai unasoma, mimi nimeshaweka maji mbele yako kabla hujajua linakuuma. Kesho nitafika mpaka kwenye kamba pale Bangboka, na macho yangu yataishia hapo. Upande wa pili ni wewe na kiu yako, na aibu yako, na hakuna mtu wa kuitazama glasi. Unaweza kubana mpaka Guangzhou na nisijue, mpaka simu ya mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo hili ndilo ninaloomba, na ni moja tu. Ukifika Kinshasa usiniandikie "nimefika salama". Wote wanaandika hivyo. Iliyofika ni ndege, na ndege si mtoto wangu. Wewe niandikie: "Mama, nimekojoa." Basi, maneno hayo. Addis, andika tena. Guangzhou, andika tena, na uniambie taa ilikuwa ya kijani au jicho lilikushtua. Nitakuwa sokoni, simu kwenye kifua. Nitausoma ujumbe wako kwa sauti mbele ya wateja wote, na Mama Furaha atapiga vigelegele, na mtu akiuliza hawa wanawake wana nini leo, nitamjibu binti yangu yuko njiani, yuko mzima.

Mimi mama yako, ambaye sina haya, na ninakuachia huo uhodari wote uende nao.